Bwawa la Mama Mkwe

Mkunga mstaafu alipomwona mkwe wake getini, anatabasamu mpaka magego yanaonekana, moyo ulimwambia: huyu kaharibu kitu.

"Shikamoo mama! Pole na safari. Nimekuandalia zawadi kule nyuma."

"Marahaba," alijibu, mkoba bado begani.

Alikuwa amekwenda kwa dada yake wiki mbili tu. Bwawa lake dogo la bustanini alilichimba mwenyewe mwaka aliostaafu: kingo za mteremko, mawe, matete, maji ya mvua. Vyura walizaliana humo, kereng'ende wakajaa, mbu wakapungua. Mkwe, muuza vigae, hakuona humo ila tope. Kwake yeye, kisichong'aa hakijakamilika. Ndiyo maana, mkunga alijisemea, hata upara wake anaupaka mafuta. Ndani hamna cha kung'arisha.

Sasa bwawa lilikuwa limegeuzwa beseni. Vigae vya buluu pande zote, kingo zimesimama wima kama ukuta, matete yameng'olewa, maji yananuka klorini kama wodi iliyotoka kupigwa deki. Pembeni kitu kilikuwa kinaelea. Alipiga magoti. Kalunguyeye, miiba imelowa, kucha zimechubuka kwa kukwaruza vigae.

"Ah, huyo panya wa miiba," mkwe akasema. "Kaja kunywa maji, kashindwa kutoka. Mnyama mjinga."

"Miaka mitatu anakunywa hapa na kuondoka zake," mkunga alisema. "Juzi kakuta ukuta. Mjinga ni yeye?"

"Lakini mama, vigae vyenyewe daraja la kwanza!"

Adabu ya ukwe ilimfunga mdomo; mikono haikumfunga. Alileta jembe. "Mzike."

Mkwe alitazama viatu vyake vyeupe, kisha akamtazama mkewe, binti wa mkunga, aliyesimama mlangoni, amwokoe. Mkewe akawa anahesabu mawingu. Mkwe akalishika jembe kwa ncha za vidole, akachimba kama anamkuna mgongo mtu asiyemjua. Likatoka shimo la kufukia ganda la ndizi.

"Ongeza," mkunga alisema. Alisema hivyo mara nne.

Kesho yake alimwaga maji yote, akashika nyundo na kubomoa upande mmoja wa vigae vya daraja la kwanza, akapanga mawe yakawa mteremko. Akapanda matete upya, akasubiri mvua. Hakutia dawa, hakutia samaki. Mwezi wa pili tangu hapo chura wa kwanza akalia, naye mkunga akaweka ufagio chini akasikiliza.

Jumapili moja mkwe alileta wageni. "Sisi hapa tunapenda mambo ya asili," aliwaambia, mikono nyuma kama waziri. "Nilisema upande huu tuweke mawe, viumbe wapate njia ya kutokea."

Mkunga alimtazama kama doa lililoshinda sabuni. Kumbishia kungekuwa kumheshimu.

"Waeleze vizuri, baba," alisema kwa upole. "Hao viumbe wanajua kuyapanda mawe. Waambie wageni sasa viumbe wanakula nini."

Wageni wakageuka kumsikiliza. Mkwe akatazama maji, akasema chai inapoa.

"Vigae nje, ndani hamna," mkunga alinong'ona, akaingia ndani.