Milimita Ishirini kwa Kila Tairi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko gereji kwangu, nimechuchumaa mbele ya gari la mbio la mdogo wangu wa kike, Subilaga, na tairi la mbele kushoto linaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula, ahsante. Tairi likiwa na adabu, fundi naye awe nayo.

Niseme kosa langu mapema. Gari lile lilitoka kiwandani na matairi yenye upana wa milimita 225. Subilaga anashindana leo, na mimi kwa kupenda sifa nikamfungia ya 245. Tairi pana linashika lami vizuri kwenye kona, hilo halina ubishi. Lakini lazima lipate nafasi ndani ya madigadi, na mimi nilipima gari likiwa tupu, usukani umenyooka, dereva hayumo. Subilaga aliponiuliza, "Kaka, yataingia?" nikamjibu kama tunavyojibu mafundi wote: "Yataingia tu."

"Tumeingia," likasema tairi. "Ila hapatoshi."

"Niwakunjie pindo la madigadi?"

"Usijisumbue. Sisi tumeongezeka milimita ishirini kila mmoja. Sasa kuna mtu lazima apungue. Mkono mtupu haulambwi, fundi."

Nageuka kuchukua nyundo, na gereji haipo. Nimekaa darasa la tatu, magoti yamebanwa na dawati. Ubaoni pameandikwa 245 kutoa 225. Mwalimu ni jeki. Ananiambia nisimame nitaje jibu, kisha nimtaje anayetolewa.

"Ishirini," nasema. "Anayetolewa simjui."

"Ni yule ambaye hukumpima," anasema jeki, bila hasira yoyote. Anafuta ubao.

Hapo nikajua ni nani.

Natoka mbio mlangoni, na nje ya mlango ni ndani ya gari. Niko kando ya Subilaga, tuko katikati ya mashindano, kona inakuja. Anakata usukani. Tairi la kwanza linagusa madigadi, linakwaruza kama mbuzi ya nazi.

Mabega ya Subilaga yanasogeleana kidogo.

"Ahsante," linasema tairi.

"Kaka," anasema Subilaga, macho barabarani, "naona kiti kimekuwa kikubwa."

"Simamisha gari, Subi!"

"Nisimame vipi katikati ya kona? Si ulisema yataingia?"

Hanilaumu. Ananikumbusha tu, na hilo ndilo linaloniumiza. Kona ya pili, mkwaruzo wa pili. Glavu zinampwaya. "Ahsante, dada," linasema tairi la pili. Naogopa jinsi ambavyo sijawahi kuogopa tangu nizaliwe.

"Nichukueni mimi!" napiga kelele. "Nina kitambi! Nina milimita za kugawa!"

"Wewe si dereva," linajibu la tatu kwa upole, na kona inafika, na linakwaruza. Shingo ya Subilaga sasa ni nyembamba, kofia ya chuma inayumba juu yake. Anajaribu kuniambia kitu lakini sauti nayo imepungua.

Mbele naiona kona ya nne. Nyuma kulia, tairi la mwisho linakohoa, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa mezani.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Nilikimbia hadi gereji na taulo kiunoni, majirani wakacheka, wacha wacheke. Subilaga alikuwa ameshaketi ndani ya gari, amevaa nguo zake za mashindano, anahangaika na mkanda.

"Shikamoo, kaka. Mbona hivyo?"

"Marahaba. Uko salama?"

"Mzima. Ila huu mkanda umeuchezea?"

"Sijaugusa."

"Juzi niliufunga mwenyewe ukanikaa sawasawa. Leo unapwaya." Akauvuta mbele ya kifua. "Au nimekonda?" Akacheka.

Sikucheka. Nilichukua futi, nikapima nafasi kati ya mkanda na kifua chake. Nikapima tena.

Milimita sitini. Matairi matatu.

Yeye alikuwa ameshika usukani tayari, anataka kuujaribu kwa kuukata hadi mwisho.

"Shuka, Subi," nikamwambia. "Hayakuingia. Nilikudanganya. Shuka taratibu, na huo usukani usiuguse."