Mashine Wakati wa Matangazo Tu

Kwanza niseme, kosa si langu. Dada anasema ni langu, lakini dada hata nikipaliwa na maji anasema ni uzembe.

Jumamosi hiyo nilitakiwa kwenye usaili saa nane na nusu. Kazi ya mapokezi, maabara ya hospitali ambako dada anafanya usafi. Unapokea vichupa, unaandika namba, unatoa bahasha za majibu kwa wenyewe, na unafunga mdomo. Hilo la mdomo dada alilirudia mara nne, kwa sababu nyumbani mdomo wangu unajulikana. Nilimwambia shemeji mtarajiwa habari za yule wa kabla yake. Nilimpongeza mjomba kwa sherehe ya kushtukizwa siku mbili kabla hajashtukizwa. Si ubaya. Jambo likikaa ndani yangu linawasha. Lakini mwaka na miezi minne tangu nimalize shule niko kwenye kochi, kochi lenyewe limeshachukua umbo langu, na mama amefika mahali akifagia sebule ananifagia na mimi. Kazi hii nilikuwa naitaka kweli. Dada aliniombea kwa mkuu wa maabara mwenyewe, akanipa sharti moja tu: kanyoe, kichwani umebeba kiota.

Sasa tuje kwa kinyozi wetu. Mkono wake mwepesi, hapo huna la kusema. Tatizo ni televisheni. Iko juu ya kioo, ya zamani, na mashine ya kunyolea ikiwashwa tu picha inajaa mistari, watu wanakatika viuno, sauti inakoroma. Kwa hiyo ilipoanza ile tamthilia ya Ufalme wa Chini ya Ziwa wateja walipiga kura, na kinyozi akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: MASHINE WAKATI WA MATANGAZO TU. Ikafanya kazi. Miaka saba, kila Jumamosi saa sita mchana, watu wananyolewa kwa awamu. Tangazo la sabuni upande wa kulia, la godoro upande wa kushoto, la mafuta ya kupikia, ndevu, unatoka safi.

Mkasi? Usiulize. Siku mama mkwe wa malkia aliposukumwa kutoka mnarani, kinyozi alikuwa na mkasi mkononi, na ndiyo sababu Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, ana sikio lenye pengo.

Nilikaa kitini saa sita kasoro dakika tano. Najua, najua. Lakini nilipiga hesabu: dakika tano kabla, matangazo matatu katikati, saa saba na robo niko nyumbani naoga. Kinyozi akanifunga shuka, akaanza upande wa kulia, akapanda mpaka katikati ya utosi, muziki wa kuanzia ukalia. Akazima mashine. Sawa, ni sheria. Halafu yakatokea maandishi kwenye kioo cha televisheni, Sindano akayasoma kwa sauti kama tangazo la harusi: kwa heshima ya watazamaji wetu, sehemu ya mwisho itaonyeshwa kwa saa mbili mfululizo bila matangazo yoyote.

Benchi zima likapiga makofi. Mimi nikajitazama kwenye kioo. Kulia nimeiva, kushoto mbichi.

Nikamwambia kinyozi nina usaili, amalizie tu huo upande, dakika nne, picha ikiruka watu watavumilia. Hakunigeukia.

"Mdogo wangu," akasema, "miaka saba."

Nikatoka mbio na shuka shingoni kwenda kwa kinyozi wa barabara ya juu. Mlango umefungwa, karatasi imebandikwa: NIMEENDA KUANGALIA. Niliporudi Sindano alikuwa amekalia kiti changu kwa sababu kinatazamana na televisheni vizuri. Nikabaki nimesimama, na shuka langu, kama mzimu wa duka.

Kwa hiyo nikaangalia. Ningefanya nini? Na mimi pia nilianza nikiwa darasa la sita. Kama hujawahi kuiona, shida yote ni hii: kuna malkia mwenye mkono wa fedha, na kaka yake aliyegeuzwa korongo msimu wa pili. Korongo, ndege, miguu hii mirefu. Misimu mitano malkia anatafuta ufunguo wa kumrudisha awe mtu. Amevuka jangwa, amepoteza jicho, amekosana na kila mtu. Kuna na lile joka ambalo pale kwa kinyozi tunaliita Jirani, kwa sababu linatokea palipo na chakula tu. Kinyozi mwenyewe ana kaka yake aliyeondoka zamani na hajawahi kurudi. Hasemi, lakini korongo akionekana ananyamazisha watu.

Saa moja na nusu ya kwanza ni watu kutembea. Wanatembea kwenye ukungu. Halafu wanasimama, wanaangalia mbali, wanaendelea kutembea. Saa ya ukutani inanitazama. Ikafika saa nane kasoro kumi, malkia akaushika ufunguo, korongo akatua begani kwake, duka zima halipumui. Malkia akautazama ufunguo. Akautupa ziwani. Akasema amechoka. Korongo akaruka akaenda zake, bado korongo. Na kiti cha ufalme akapewa nani? Mpishi. Mpishi wa ikulu, ambaye kwa miaka saba amezungumza mara mbili: mara ya kwanza "chakula tayari", mara ya pili "chakula kimepoa". Akavishwa taji, akatabasamu, mwisho.

Sindano akashika lile sikio lake kama vile anadai fidia. Kisha matangazo yakaanza, mfululizo, sabuni, godoro, yote waliyoyazuia, na mimi nikakaa kitini haraka nikamwambia kinyozi, haya, matangazo. Akaiwasha mashine. Ikaenda kombo mara mbili hewani. Akaizima.

Niache kwanza, akasema. Akaketi kwenye benchi na wateja.

Nilimsihi. Sindano alimsihi. Saa nane na dakika tano. Sindano akanivalisha kofia yake nikaondoka mbio, na getini mlinzi wa hospitali akaniambia ndani hakuna kofia. Nikamwonyesha kilicho chini yake. Akafikiri kidogo, akasema bado hakuna kofia.

Mle chumbani walikuwa wawili: mkuu wa maabara, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na bwana mmoja mwembamba wa utumishi. Wakanitazama kichwa kwa zamu, mama upande huu, mwenzake upande ule. Mama akaniuliza kama ndiyo mtindo siku hizi. Nikaona uongo utanichelewesha, nikaeleza yote: kinyozi, kura, mistari, saa mbili bila matangazo. Nilipofika hapo akainua kiganja.

"Umeiangalia yote?"

"Yote, mama."

"Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi kwa ajili yenu. Baba watoto ananirekodia. Neno moja tu la mwisho wake likikutoka, hiyo kazi isahau."

Wewe ungenionea huruma. Mle ndani yangu alikuwemo mpishi mzima na taji lake, anapiga teke. Wakaniuliza kwa nini naipenda kazi hii, ulimi ukataka kusema mpishi. Wakaniuliza nikikosea namba ya kichupa nitafanya nini, nikataka kusema bora nikosee namba kuliko kumpa ufalme mtu wa masufuria. Nikajibu nitamwambia mkubwa wangu papo hapo. Yule bwana wa utumishi, ambaye haangalii tamthilia na hana haya, akauliza huku anaandika eti nani aliuchukua huo ufalme. Mama akamkata jicho. Mimi nikauma shavu kwa ndani mpaka nikasikia chumvi.

Tulipomaliza, bwana akatoka na mafaili. Mama akabaki anakunja kamba ya miwani kidoleni. Akautazama mlango. Akainama mezani.

"Kijana. Jambo moja tu. Kaka yake anarudi kuwa mtu?"

Hakuwa ananijaribu, naapa. Uso wake ulikuwa uso wa kinyozi wetu. Na mimi kila mfupa ulikuwa unataka kusema hapana, mama, amebaki na manyoya yake, tumeibiwa miaka saba. Lakini kama ningesema ningekuwa mimi yule wa mjomba, na dada angekuwa ameomba bure.

"Uliniambia nisikwambie, mama."

"Sasa nakwambia uniambie."

"Utaangalia na baba. Mimi nilikuwa nanyolewa."

Akautazama upande wangu wa kushoto, msitu ulivyosimama.

"Hapo umenidanganya."

"Ndiyo, mama."

Akavaa miwani, akaandika kitu, akaandika tena. "Jumatatu, saa mbili asubuhi," akasema. "Na uje na kichwa kizima."

Sasa niambie, nikae kimya na furaha hiyo? Nilitoka nimejaa, natafuta mtu wa kumwambia kila kitu, kazi na mpishi vyote pamoja. Mlinzi wa geti akaniwahi: ameshaambiwa mwisho wake, na asingependa kukumbushwa. Dada hapokei simu. Mtaani kila mtu ameshaona, kila mtu amenuna. Nimefunga mdomo mara moja tangu nizaliwe, na siku hiyohiyo habari imeisha sokoni.

Kwa kinyozi nikawakuta vilevile kwenye benchi. Matangazo yanaendelea. Nikakaa kitini, nikajifunga shuka mwenyewe, nikamwambia nimepata kazi, nimalizie. Akanipongeza kwa sauti ya msibani. Kuhusu nywele akasema hana moyo, nije kesho. Nikasema kesho ni Jumapili hafungui. Akasema basi Jumanne.

Jumanne. Nikamtazama kwenye kioo, amelegea, macho kwenye ile televisheni.

"Mimi naona mpishi anafaa," nikasema.

Akageuka taratibu. Akauliza nimesema nini. Nikasema mpishi ni mtu wa watu, anajua nani hajala. Akasimama. Akasema mpishi anajua nini, amefanya nini, amevuka jangwa gani, na huku anasema akaiwasha mashine bila kujijua akaja kunionyesha kwa vitendo. Nikaongeza kwamba hata korongo pengine ameridhika. Mashine ikapanda utosini kwa hasira, mkono umetulia kabisa, mistari imejaa kwenye televisheni, hakuna anayejali. Kila alipopunguza kasi nilimsifia mpishi kidogo. Mimi ambaye ningempindulia sufuria kichwani siku ya kwanza ya ufalme wake nikakaa pale nikamtetea, sikio, kisogo, nikamtetea mpaka shingoni.