Shamba Lisilogawanyika

Otsune alikuwa akigawanya namba yake kwa 8,597, kigawanyo cha mwisho kilichobaki kujaribiwa. Shanga za abakasi, fremu yake ya kuhesabia, zikabakiza 4,933. Akaridhika, akachukua brashi, akaiandika kwenye ubao wa mwerezi kutoka juu kwenda chini: 73939133. Ubao ule ungetundikwa hekaluni, kama ilivyokuwa desturi ya kijiji kutoa hesabu nzuri kwa shukrani.

Namba ile haikugawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukiikata tarakimu ya mwisho, inayobaki nayo haigawanyiki, na vivyo hivyo hadi ibaki saba peke yake.

Wino ulipokauka, tofu ya mchana, jibini laini la soya, ilikataa kisu. Otsune akaitia nzima bakulini.

Huko nje, shemeji yake Kanbei na mkuu wa kijiji, Genzaemon, walikuwa wakivuta kamba kuligawa shamba la mpunga aliloacha marehemu mumewe. Kanbei alitaka nusu yenye chemchemi. Kila kamba ilipolazwa katikati, iliteleza yenyewe hadi ukingoni.

Kanbei akaja mlangoni, matope hadi magotini. "Shemeji, umeandika nini tena?"

"Namba ya hekalu."

"Ifute bwana, wenzako tuna kazi."

"Wino umeshakauka."

Genzaemon, ambaye naye alipenda hesabu, aliusoma ubao polepole. "Tamu hii," akasema. "Ikate mkia, Kanbei. Huenda ikalegea."

Kanbei akakata tarakimu ya chini kwa msumeno. Wakaenda kuvuta kamba, ikateleza. Akarudi, akakata nyingine. Jioni kilibaki kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye saba tu. Chai nayo ilikataa kugawanywa vikombeni, wakainywa kwa zamu kwenye mdomo wa birika.

"Hata saba?" Kanbei aliuliza, jasho likimtoka.

"Hata saba. Ungeniuliza kabla ya kushika msumeno."

"Mdomo huo, shemeji."

Genzaemon akafuta midomo. "Basi, shamba haligawanyiki. Litabaki zima."

"Ndivyo hesabu inavyosema, mzee," Otsune akajibu.

"Zima, la Kanbei. Mjane tungeweza kumwachia nusu. Shamba zima hapewi mwanamke. Au kuna kosa mahali?"

Otsune alipitia hesabu yote kichwani, tangu mwanzo. "Hakuna kosa."

"Haya."

Kanbei akakunja kamba, akaenda kufungua maji ya shamba lake.

Otsune alifagia unga wa mbao, akaleta ubao mwingine na kuiandika namba upya. Safari hii aliacha nafasi chini ya zile nane kwa tarakimu ya tisa, akitafuta itakayoiacha bila kugawanyika. Za shufwa na tano hazikufaa hata kujaribiwa. Akaweka moja: ikagawanyika kwa tatu. Akaweka saba: ikagawanyika kwa tatu vilevile. Zilibaki tatu na tisa, na hizo zilihitaji kazi ndefu. Shanga zilikuwa hazionekani tena vizuri. Akaosha brashi, akaifunika abakasi kwa kitambaa. Angeanza na tatu asubuhi.