Saa Moja ya Njaa ya Saloma

Kijiko kilikuwa katikati ya safari, kimetoka kinywani mwa mama mkwe wangu kikielekea kinywani mwa Saloma, mtoto wangu mchanga, nilipokidaka. Maji ya sukari yakamwagikia kifua changu, yakakutana na maziwa yaliyokuwa yakivuja yenyewe. Mtoto alikuwa akilia, na titi halikuelewa kwamba limepigwa marufuku.

"Nimeonja tu kama ni ya moto!" mama mkwe aling'aka. Anaitwa Drusilla, na jikoni kwangu mwenye kauli ni yeye. "Wanangu wote nimewaonjea hivyo hivyo, na hakuna aliyekufa."

"Mama Drusilla, hakuna kinachoingia kinywani mpaka saa iishe," alisema Glenda, mkunga wetu, akiitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja mkate uive.

Glenda si wa kanisa letu la Waamishi, Wakristo tunaoishi kikale kwa farasi na jembe, lakini nusu ya watoto wa bonde hili la Wisconsin, Marekani, wameangukia mikononi mwake. Siku hiyo alikuwa amekuja na kijimashine cha kupima masikio. Sikio la kushoto la Saloma lilijibu vizuri. La kulia lilinyamaza. Akarudia, likanyamaza tena.

"Amelala huyo," Drusilla alisema. "Hata mimi nikilala, radi inapita bila salamu."

Glenda hakucheka. Alisema kuna kirusi kinachoitwa saitomegalo, kinachokaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, ambacho mama mjamzito hukipata bila hata kuugua, kikampitia na kumfikia mtoto tumboni. Kupima ni kufuta mate ya mtoto kwa kijiti cha pamba. Ila maziwa ya mama nayo yanaweza kuwa na kirusi hicho yakadanganya kipimo, kwa hiyo mtoto akae saa nzima bila kunyonya.

Mume wangu Mahlon alijikuna ndevu. "Si tungoje arusi ya dada yangu ipite? Nyumba imejaa mabata ya karamu."

"Akishatimiza wiki tatu hatutajua tena kama alizaliwa nacho au alikipata baadaye," Glenda alijibu. "Na dawa ina wakati wake. Hizo wiki zinakaribia kwisha."

Mimi ni mtu wa hofu tangu utotoni. Mimba ile niliilinda kama yai. Paka nilimhamishia kwa jirani. Jibini laini sikuligusa. Drusilla alinikataza kupita chini ya kamba ya nguo, eti kitovu kitamnyonga mtoto, kwa hiyo kila Jumatatu ya kufua nilizunguka kamba nzima na ndoo yangu, tumbo mbele, kuku wakinishangaa.

Na wakati huo huo Enos, mwanangu wa miaka miwili, alikuwa akitoa tambi kinywani mwake na kuisukuma kwangu. "Kula, Mama." Nami nikala, maana kwetu kutupa chakula kunakaribia kutukana. Biskuti aliyoitafuna ikalowa, nilimalizia mimi. Kijiko chetu kimoja, kikombe kimoja, busu mdomoni pamoja na udenda wake. Nilimbadilisha nepi, nikapangusa mikono kwenye aproni, nikarudi kukanda unga. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na ndivyo bonde zima lilivyofanya. Hofu nilikuwa nayo ya kugawia majirani. Aliyekosekana ni wa kuniambia nimwogope nani. Nani angemwogopa Enos?

Shule zetu Waamishi huishia darasa la nane, na kirusi hatukukifikia. Lakini "zinakaribia kwisha" nililielewa.

"Mahlon," nikasema, kwa sauti ambayo hata farasi hajawahi kuisikia, "arusi ni ya dada yako, sikio ni la mwanangu. Keti. Mwimbie."

Akaketi, akaimba. Nyimbo zetu za kanisani ni za polepole. Neno moja mtu anaweza kulianza akiwa ameshiba na kulimaliza na njaa. Kufika ubeti wa pili Saloma alikuwa mwekundu kama bitiruti.

"Mnamtesa kwa njaa," Drusilla alisema, "halafu mnamtesa kwa wimbo."

Hapo ndipo Enos alipoibuka chini ya meza na biskuti iliyolowa, huruma imemjaa, akainyoosha moja kwa moja kwenye kinywa cha dadake. Mimi nilikuwa mbali. Aliyeruka ni Drusilla, na goti lake bovu.

"Koma wewe! Saa haijaisha!"

Saa ilipotimia, Glenda akafuta mate. Saloma akanyonya kwa kelele za ndama, na Mahlon, ambaye hakuambiwa anyamaze, akaendelea na ubeti wa tatu.

Majibu yalirudi: Saloma alikuwa nacho. Daktari wa mjini alisema wengi wanaozaliwa nacho hawadhuriki. Wangu alikuwa amepoteza sikio la kulia. Dawa ya maji ya miezi sita haikuwa ya kulirudisha, ilikuwa ya kujaribu kulinda la kushoto. "Tutampima mara kwa mara," alisema. "Linaweza kufifia baadaye."

Wewe uliye na mimba na mtoto mdogo nyumbani, makombo yake mpe kuku. Mbusu utosini. Kila ukishika nepi au kamasi, nawa kwa sabuni, aproni si sabuni. Na mtoto wako mchanga akishindwa kipimo cha masikio, uliza siku hiyo hiyo. Drusilla sasa huwahubiria maharusi wote, kwa ukali, kana kwamba kirusi amekigundua yeye.

Saloma ana miaka mitano. Hulala kalalia sikio zima, ili jogoo asimsumbue. Kila alfajiri namgeuza taratibu, nasimama nyuma ya kichwa chake, namnong'oneza jina. Mahlon anasema nitalichakaza.

Leo nimenong'ona, kimya. Nikanong'ona tena, kimya. Nikaushika ukingo wa kitanda. Nikanong'ona mara ya tatu.

"Nimesikia, Mama," akasema bila kufumbua macho. "Na jana nilisikia."

Nikashuka kukamua ng'ombe.