Ombi Nililotuma Ijumaa

Wamama wenzangu mlio huku kwa Waarabu na watoto wenu, someni hii mpaka mwisho, hata kama mwanzo wake utawaudhi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo mtanivumilia.

Nafanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya wenyeji kule mtaa wa Muaither, mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu Charity ni nesi. Alikuja na viza yake mwenyewe, na alikuwa amepanga chumba mtaa wa Al Sadd. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, na kila Ijumaa nikitoka ibada, maana huku hata kanisa ni Ijumaa, nilikuwa napita kwake. Ufunguo alinipa yeye.

Ijumaa hiyo sikumkuta. Mimi siwezi kukaa bure, mikono inaniwasha. Nikaosha vikombe, nikapanguza friji, nikatoa shuka nifue. Chini ya mto kulikuwa na kitabu kimefunikwa kwa karatasi ya kaki, vile tulivyokuwa tunafunika vya shule. Nikafikiri ni cha unesi. Nikafungua.

Kilikuwa cha Kiswahili, hadithi ya wanawake wawili wenye duka la cherehani Kitale. Nilisoma nimesimama. Mwanzoni wanagombana juu ya kitambaa, nikacheka. Kurasa chache mbele mmoja anamfunga mwenzake kilemba, halafu wanabusiana, na si busu la dada na dada. Nikaketi. Ndani ya jalada kulikuwa na karatasi ya zamu, mwandiko wa Charity: Ijumaa hii Owen anasoma sura ya nne. Edith analeta mandazi. Reuben atafute kile kingine, cha wale wanaume wawili. Chumba cha Edith, mtaa wa Najma, juu ya fundi wa saa, saa tisa.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Sikumpigia Charity. Nilipiga karatasi ile picha, nikaituma kwa grupu yetu ya maombi, na chini yake nikaweka sauti yangu: "Wapendwa, simameni na mimi, mtoto wangu ameingia chama cha vitabu vya wanawake kupendana na wanawake, wanaume na wanaume." Ndivyo tulivyozoea. Mtu akiumwa jino, akinyimwa likizo, mume akipotelea Nakuru, inaenda kwa grupu. Tuko watu mia moja na arobaini.

Cherotich, tunayeimba naye kwaya, akajibu kwanza: "Pole Mama Charity! Shetani ni mwongo!" Ikafuata mikono ya kuomba, mingi. Halafu akaja Cornelius, shemasi wetu, ambaye ni msimamizi wa walinzi kwa hoteli moja: "Owen yupi huyo? Isiwe ni Owen wangu wa geti."

Nchi hii jambo kama hilo likifika kwa polisi ni jela, halafu ndege ya kurudi nyumbani. Nilijua hivyo wakati natuma? Nilijua. Lakini mtu akiwa na hofu anatafuta watu kwanza. Nikabonyeza kufuta, ikapotea. Nikampigia Cherotich.

"Nimefuta."

"Umefuta kwako, mama. Mimi bado naiona. Hata dada yangu kule Kuwait ameiona."

"Ameionaje?"

"Si nilimtumia aombe pia!"

Ilikuwa saa nane na nusu. Charity hakushika simu. Nikashuka ngazi na ndara za bafuni, nikasimamisha teksi.

"Najma upande gani?" dereva akauliza.

"Wewe twende tu."

Kwenye ngazi za kina Edith nilisikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Ndani walikuwa wanne, wameketi kwa mkeka. Owen, kijana mrefu mwenye sauti ya mtangazaji, ndiye aliyekuwa anasoma, kutoka nakala yake mwenyewe.

"Mathee! Karibu, mama," Owen akasema. "Harakisha, Reuben amekula mandazi saba."

"Sita," Reuben akasema. "Hiyo ya saba ilikuwa imevunjika."

"Imevunjwa na nani?" Edith akamuuliza.

Charity hakucheka. "Mama. Nani amekuonyesha hapa?"

Nikawaambia. Hakuna aliyenipigia kelele, na afadhali wangenipigia.

"Grupu gani?" Charity akauliza.

"Ya maombi."

"Yote?"

"Yote."

Owen alifunga kitabu na kidole bado kiko ndani. "Cornelius yuko humo?"

"Ameuliza kama ni wewe. Mwambie si wewe."

"Mathee, mwandiko unasema Owen, na leo ndiyo siku yangu ya off."

Wakakusanya vitabu kwa begi la unga. Walitoka mmoja mmoja, hata Edith mwenye chumba, wakiachana dakika kadhaa, Owen wa mwisho. Tulipobaki wawili Charity akaniambia, "Ungeniuliza. Mimi ni kama wale wa Kitale, Mama. Tangu Krismasi nimekuwa nangoja uniulize."

Mpaka leo moyo wangu haujatulia juu ya hilo, sitawadanganya. Nasimama jikoni kwa watu nikikaanga vitunguu, naona vimeungua.

Polisi hawakuja. Lakini Cornelius alipeleka jina ofisini kwao, akisema analinda kanisa, na siku ya tisa Owen alikuwa uwanja wa ndege, amefutwa kazi, anarudishwa nyumbani. Kwao kuna mama kama mimi, alikuwa anamtegemea.

Kwa hivyo mama, mtoto wako akikutia hofu, weka simu chini. Mngoje arudi. Muulize yeye, na ukae usikie. Mungu hahitaji umtumie picha. Mimi nimetoka kwa grupu, na Cherotich bado ananipigia kuuliza waombe nini sasa.

Charity alihama Al Sadd mwezi huo huo. Ijumaa ananipigia, anauliza presha yangu, anakata. Anakoishi sijui. Sijamuuliza, kwa sababu hata mimi sijiamini bado.