Mkono wa Mwanahawa

Kabla Swaumu hajamaliza pindo la sare ya shule, simu ilitikisika juu ya meza ya cherehani. Alijua ni Mfaume, mdogo wake, aliyekuwa India akimuuguza mama yao. Aliiacha itikisike kidogo. Tangu mama asafirishwe, kila simu ilikuja na jambo la kufanya, na yeye alishakuwa kama muwa uliopitishwa mtamboni mara mbili.

"Dada, hizi ATM za huku ni nguruwe wa Mloka," Mfaume alisema bila hata salamu. "Ukigeuza shingo, shamba limekwisha."

"Zimefanya nini?"

"Nimekaa na Mpemba mmoja, anamuuguza mkewe. Kaniuliza natoa pesa mara ngapi. Nikamwambia, kila mnapoingiza, natoa. Akashika kichwa! Anasema kila nikichomeka kadi, benki yetu inakata ada na mashine ya huku inakata yake. Na ada ni ileile, utoe nyingi utoe kiduchu. Mimi nimekuwa natoa elfu ishirini ishirini za watu, dada."

Swaumu aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Zimeliwa kiasi gani?"

"Zingelipia kitanda cha mama juma zima."

Nje, barabara ya Kibiti ilikuwa ikipitisha malori kama kawaida. Moyo wa mama ulikuwa na mlango usiofunga sawasawa, na hospitali ilitaka salio la upasuaji kabla ya Ijumaa adhuhuri. Likichelewa, nafasi yake angepewa mgonjwa mwingine, naye angerudi mwisho wa foleni. Daktari hakuficha kwamba moyo ule haukuwa wa kungoja foleni.

"Mpemba anasema nisitoe tena," Mfaume aliendelea. "Dirisha la malipo hapa hospitali linapokea kadi. Nalipa mara moja, zote, hakuna ada ya kutoa. Lakini mama hataki."

Swaumu hakuhitaji kuuliza sababu. Wao asili yao Mbwera, huko kwenye mikoko, na katika ukoo wao mchango wa mgonjwa hauchanganywi na wa mwingine. Unawekwa kiganjani mwa mgonjwa mwenyewe, anaufumbata, anamwombea aliyetoa kwa jina lake, ndipo pesa inakwenda kwenye dawa. Kwa hiyo kila mtu wa Mbwera alipotuma chochote, Swaumu alikiingiza peke yake, na Mfaume akaenda kukitoa peke yake, ili mama akifumbate. Hakuna aliyefikiria kwamba njiani kulikuwa na benki na mashine zinazofumbata kwanza.

"Mpe simu mama," alisema.

Sauti ilikuja ndogo, kama inatoka chini ya blanketi. "Swaumu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Haya, sema."

Swaumu akaeleza habari za ada na za dirisha la malipo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akipumua kwa taabu.

"Zaitun wa Mbwera kauza bata wake," mama yao, Bi Mwanahawa, alisema. "Mimi nisiishike pesa yake, nitamwombea kwa uso gani? Ikiingia kwenye kadi ya Mfaume, ya Zaitun itakuwa ipi?"

"Mungu anaijua, mama."

"Yeye anaijua. Mimi ndiye siijui."

Swaumu aliegemeza paji la uso kwenye cherehani. Chuma kilikuwa na joto. Alilolisema lilitoka kwa uchovu zaidi kuliko kwa akili.

"Basi nizishike mimi. Mkono huu si umetoka kwako? Nitafumbata hapa, nitawataja mmoja mmoja, halafu nitaziingiza zote kwa pamoja."

Upande wa pili mama alijigeuza kitandani.

"Utatia udhu?"

"Nitatia."

"Na Kondo je? Atakubali?"

Mjomba Kondo, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na fungu la mwisho. Alifika alasiri hiyohiyo ya Alhamisi, kashuka mashua Nyamisati na kupanda bodaboda, suruali ina matope hadi magotini. Alitoa leso kifuani. Kila mchango ulikuwa katika fundo lake la nailoni, usiguse mwenzake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, zipeleke. Moja moja."

Swaumu alimweleza habari za ada, na habari za mkono. Mzee alimtazama kama mtu aliyeuziwa kamba waliooza.

"Mkono wako unaumwa nini?"

"Unaumwa uchovu, mjomba."

"Huo hata mimi ninao. Nikirudi Mbwera niwaambie nini? Kwamba Swaumu kajifanya mgonjwa?"

"Waambie zilikuwa zinaliwa njiani."

"Watauliza zimeliwa na nani. Hawaijui ATM, wewe wanakujua."

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi tangu mchango wa kwanza, na sasa limesemwa mbele ya vitambaa vya wateja. Macho yalimjaa machozi, akakasirika nayo. Akapiga simu, akaiweka sauti ya nje.

"Kondo," mama aliita. "Mpe mtoto."

"Dada, nimpe mzima pesa za mgonjwa?"

"Mpe. Zikizunguka moja moja kwenye mashine hizo mpaka nife, utakwenda kulifumbatisha kaburi?"

Kondo aliketi kwenye benchi, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa meno.

Swaumu alitia udhu nyuma ya duka. Alifumbata pesa ya Zaitun, akasema jina lake, akamwombea kheri na riziki. Akafumbata ya Mfaki mchoma chumvi, iliyokuwa ngumu kwa chumvi kweli. Nyingine ilikuwa na unyevu, nyingine inanuka moshi wa kukaushia samaki. Mwanzoni alitaja tu majina. Baadaye nyuso zikaanza kuja zenyewe, na mkono ukawa mzito kama umebeba ndoo. Kondo aliitikia amina kila mara, kila mara kwa sauti kubwa kidogo kuliko ya mwanzo. Walipomaliza, walivuka barabara pamoja, na mjomba akasimama dirishani kwa wakala mpaka ujumbe wa kuingia kwa pesa ulipofika.

Kesho yake asubuhi Mfaume alipiga, anacheka na kulia kwa pamoja. Kadi imekubali. Salio la hospitali limekamilika. Mama anaingia chumba cha upasuaji Jumatatu.

"Alhamdulillahi," Kondo, aliyelala kwa mpwa wake, alisema, akajifuta uso kwa leso tupu.

Swaumu alirudi kwenye sare. Alikuwa na nusu ya darasa la kushonea, na jioni wazazi wangekuja. Hakuwa amefika hata mwisho wa mshono pale Sihaba, muuza sambusa wa jirani, aliposimama mlangoni na noti iliyokunjwa.

"Hii yangu ndogo, ya dawa baada ya upasuaji," alisema kwa haya. "Sasa Bi Mwanahawa yuko mbali, namfumbatisha nani?"

Kondo alinyoosha kidevu kuelekea kwenye cherehani. "Mkono wake ule pale. Subiri kidogo akatie udhu."

Swaumu alishusha pumzi, akaichomoa nguo chini ya sindano, akainuka.