Balbu ya Wati Mia

Bunduki aliyoitengeneza mdogo wangu Jovin ilikuwa na uzito wa kilo tisa, na niliichukia tangu siku alipoitua juu ya kaunta yangu. Nasema mapema, mtu asije akadhani nasimulia kwa fahari. Lilikuwa dude baya: bomba la plastiki lililozungushiwa waya wa shaba, betri mbili za pikipiki, na sanduku la kapasita ishirini, vikopo vya kuhifadhia umeme, alizozichomoa kwenye mashine mbovu za kuchomelea.

"Dada, hii haina baruti wala risasi," alisema. "Ni umeme mtupu."

"Na akili pia haina," nikamjibu.

Sikuwa na moyo wa kumcheka sana. Mwezi Machi vijana wa mapanga waliingia humu humu dukani, Mchafukoge, wakamkata kaka yetu Allan shingoni huku akiwafungulia droo. Anawafungulia, jamani, habishani nao. Tulimzika Rombo, na pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, mama alinishika mkono akasema, "Severa, umebaki na Jovin. Huyu nirudishie akiwa hai." Nikaahidi. Tangu hapo nilikuwa nikimhesabia mdogo wangu hata hatua za kwenda kunywa chai.

Mimi nauza vifaa vya umeme mbele, yeye alikuwa fundi wa mashine nyuma ya pazia. Alikuwa ameona bunduki za umeme kwenye filamu, zile zinazotoboa ukuta kimya kimya. Yake ilitoboa kopo la rangi, basi. Aliniambia mwenyewe, kwa aibu, kwamba katika kila sehemu mia za umeme, mbili tu ndizo zinazousukuma msumari, ambao ndio risasi yake, na zilizobaki zinaishia kupasha waya joto. Tena umeme usipokatika kwa wakati, koili, ule waya wa shaba uliozungushwa, ile ile iliyouvuta msumari mbele inaurudisha nyuma. Na ukishapiga mara moja, unasubiri sekunde nane kapasita zijae upya.

"Watoto wa Rombo wana manati kali kuliko hii," nilimwambia. "Na manati haisubiri."

Alinuna, lakini akaendelea nayo. Kitu kimoja tu ndicho alichonifundisha kwa ukali. Kapasita hazisahau: ukizima chaja, umeme unabaki ndani umekuvizia. Kwa hiyo kila akimaliza alichomeka balbu ya wati mia, ile ya zamani yenye waya ndani, akaiacha inywe umeme wote. Iliwaka kali, ikafifia polepole kama mtu anayesinzia, ikazima. "Ikizima ndiyo pametulia, dada. Kabla ya hapo usiguse." Hapo ndipo alipofungua nyaya kwa mikono mitupu. Mafundi wengi ninaowauzia vifaa wanafanya vivyo hivyo. Taa ndiyo kipimo chao.

Jumatano nilikuwa napangusa rafu, balbu yake ile ikaanguka, ikavunjika. Balbu za namna ile siku hizi utazunguka Kariakoo yote usizipate. Nikachukua nyingine kwenye rafu yangu, hizi nyeupe za kubana matumizi, nikaifunga kwenye holda. Ikakaa vizuri. Sikumwambia, maana angenigombeza, na pia bunduki yenyewe nilikuwa siipendi. Nilijiambia taa ni taa.

Ijumaa, saa saba mchana, majirani wengi wakiwa wamefunga maduka kwenda kuswali, wakaingia watatu. Wawili walikuwa na mapanga.

"Mama, tulia. Simu na hela, weka hapa."

Nilikuwa nimetulia, lakini wa kwanza aliruka kaunta, akanipiga bapa la panga begani, nikaanguka juu ya maboksi ya soketi. Pazia likafunguka. Jovin alitoka na dude lake kiunoni, na sikumwona akisita. Bunduki ililia *tak*, kama swichi kuu ikijikata. Msumari ukamwingia yule kijana pajani, nusu ndani, nusu nje.

Hakuanguka. Aliutazama ule msumari, akamtazama Jovin, akatukana.

Zikaanza sekunde nane. Nilizisikia zote, maana chaja ilikuwa ikilia na sauti yake ikipanda. Ya pili, panga likampasua Jovin paji la uso. Ya nne, alikinga na mkono wa kushoto, nikaona mfupa. Nilinyanyua roli la waya nikamtupia yule mwenye msumari usoni, akayumba. Ya saba, wa pili alikuwa amemkaba Jovin ukutani, panga juu. Ya nane, Jovin akamwekea mdomo wa bomba shavuni, akafyatua. Meno yakamwagika sakafuni pamoja na damu, naye akalia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Wakakimbia wote watatu. Nje mtu mmoja akapaza sauti, "Mwizi," kisha wakapaza wengi, na mawe yakaanza. Sikutoka kutazama, na sikuwaonea huruma.

Jovin alikaa chini, damu ikimtiririka machoni, akicheka. "Dada, tuko hai."

Zena, jirani muuza khanga, akaingia mbio, akachana doti mpya kabisa. "Lete mkono, we mtoto, unavuja."

"Subiri, dada Zena. Imeshajaa tena hii. Niimalize nguvu kwanza, isije ikamuumiza mtu."

Akazima chaja. Akapapasa, akachomeka balbu. Ikapiga mwanga mweupe mara moja, ikazima palepale.

Niliona imewahi kuzima. Naapa niliona, na nikafurahi, nikidhani sasa atafungwa jeraha haraka. Kumbe ilikuwa imeungua, na umeme wote ulikuwa bado ndani. Jovin alipangusa macho, akaona giza kwenye balbu, akashika nyaya kwa mikono miwili iliyolowa damu.

Palilia kishindo kimoja. Alirudi nyuma, kichwa kikagonga rafu. Zena alimbana kifua mpaka akachoka, akimwita jina. Mimi niliifungua balbu kwenye holda, nikaitia mfukoni mwa sketi kabla polisi hawajafika.

Askari aliinyanyua bunduki, akashangaa uzito wake. Akaniuliza kama kweli kitu kile kinaua. Nikamwambia majambazi ndio waliomuua, tazama mkono, tazama uso. Akaandika.

Tulimlaza Jovin ubavuni mwa Allan. Kila jioni mama anapiga simu tusali pamoja, na kila jioni anawalaani waliomuulia wanawe wawili, wakauke mikono, wasizikwe kwao. Akimaliza, anasubiri.

Nami naitikia, "Amina, mama."